Herufi A na Kidole cha Mwisho: Uzoefu Wangu na Mipangilio Mitatu ya Kibodi

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, nayo hunitaka nichape kurasa kumi au kumi na mbili za Kiswahili kwa siku, nikiwa nimekaa chumbani kwangu Mji wa Kale, Mombasa, huku feni ikipeperusha karatasi. Mwaka jana kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto kilianza kuuma, kwanza jioni tu, kisha tangu asubuhi. Daktari niliyemwendea aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: kidole hicho hasa hufanya kazi gani? Hubonyeza A. Chapa "haraka haraka haina baraka" kisha uhesabu: katika herufi 23, A ni 11, na zote zimetwikwa kidole kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kibodi tuliyoizoea huitwa QWERTY kwa herufi sita zinazoanzia safu yake ya juu, na asili yake ni taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, ambayo kampuni ya Remington iliiingiza sokoni mwaka 1874. Sholes hakuwa na sababu ya kukifikiria Kiswahili, wala simlaumu. Lakini itazame safu ya kati, pale vidole vinapopumzikia: vokali iliyopo ni A peke yake, na chini ya kidole cha mwisho cha kulia imekaa nukta mkato, alama ambayo naweza kumaliza ukurasa mzima bila kuihitaji. Kisha chapa neno "nilimnunulia". Herufi 11 za mwanzo ni za mkono wa kulia mtupu, na wa kushoto umekaa ukingojea A ya mwisho kama abiria aliyekosa feri ya Likoni.

Mpangilio wa kwanza wa herufi niliojaribu badala ya huo ni Colemak, uliobuniwa na Shai Coleman mwaka 2006, kwa sababu unahamisha vitufe 17 tu na kuziacha Z, X, C na V mahali pake, hivyo anayenakili kwa Ctrl+C na kubandika kwa Ctrl+V, kwa mkono wa kushoto, hapotezi mazoea yake. Kwa Kiingereza nauona mzuri sana, na anayeandika Kiingereza kutwa nzima ningemshauri aanzie hapo. Kwa Kiswahili ulinichosha. Herufi J, L, H, N, K na M zote zinaangukia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nazo ndizo konsonanti tunazozitumia mno, tena tunazifuatanisha: mlango, mkono, mnazi, njia. Kidole kimoja hakiwezi kubonyeza M na L kwa pamoja, lazima kiruke. Na "nilimnunulia" ilibaki vilevile, herufi 11 upande mmoja. Baada ya wiki sita niliuacha.

Dvorak ni mkongwe zaidi. August Dvorak, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Washington, na shemeji yake William Dealey waliupatia hataza mwaka 1936. Wao waliziweka vokali zote tano katika safu ya kati chini ya mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi wakazipeleka kulia, ili mikono ipokezane. Waliyafanya hayo kwa ajili ya Kiingereza, lakini lugha iliyofaidika zaidi, kwa maoni yangu, ni yetu, kwa kuwa silabi za Kiswahili karibu zote huishia na vokali. Konsonanti kulia, vokali kushoto, kulia, kushoto. Siku ya kwanza nilipoichapa "nilimnunulia" kwa mpangilio huo, mikono ilipokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, nikairudia mara kadhaa kwa raha tu.

Mashabiki wa Dvorak hupenda kutaja majaribio ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ya mwaka 1944 kuwa ushahidi kwamba mpangilio huo unaongeza kasi sana. Mimi siyategemei. Dvorak mwenyewe alikuwa afisa katika jeshi hilo, na mwaka 1990 wanauchumi Stan Liebowitz na Stephen Margolis waliyatilia shaka kwa hoja nzito. Kasi yangu kwa QWERTY ilikuwa maneno 58 kwa dakika; wiki ya kwanza ya Dvorak ilishuka hadi 9, mwezi wa tatu ikafika 40, na sasa, mwezi wa kumi, ni 61. Anayetafuta kasi tu atakuwa amejisumbua.

Kasoro kubwa ya Dvorak kwa Mswahili ni K. Imewekwa kushoto, safu ya chini, juu ya kidole kilekile cha shahada kinachobeba U, I, P na Y. Chapa "kukupikia" uone: herufi nane mfululizo kwa kidole kimoja, kisha A. Lugha ambayo kila kitenzi chake huanza na "ku" na nusu ya vyombo vyake huanza na "ki" haiwezi kuvumilia jambo hilo. Isitoshe, A imebaki palepale chini ya kidole changu kibovu. Mipangilio yote mitatu haijaihamisha hata hatua moja.

Nilichofanya ni kubadilishana vitufe viwili viwili kwa kutumia programu ya bure ya Microsoft Keyboard Layout Creator. Kwanza K imechukua nafasi ya V, upande wa kulia chini ya kidole cha pete, ambapo "kwa" na "mk" hutoka bila vidole kugongana. Na V ikarudi pale ilipokuwa katika QWERTY, hivyo kubandika kwa mkono wa kushoto kumerejea. Pili, A na E zimebadilishana, A ikapata kidole cha kati, ambacho kina nguvu ya kuibeba. Safu yangu ya kati upande wa kushoto sasa inasomeka E, O, A, U, I. Baada ya miezi miwili ya mabadiliko hayo maumivu yalipungua sana, ingawa lazima niseme kwamba wakati huohuo niliishusha meza kwa agizo la daktari, na siwezi kuitenga sifa ya meza na sifa ya herufi. Nikiandika Kiingereza gharama yake naiona mara moja, kwa kuwa huko herufi inayotawala ni E, nayo ndiyo niliyoitupia kidole cha mwisho.

Kuhusu kibodi yenyewe, usifanye kosa langu. Nilinunua moja katika duka la barabara ya Digo kwa shilingi 4,500, nikang'oa vifuniko vya vitufe na kuvipanga upya kufuata Dvorak. Vifuniko vya kila safu vina kimo chake, basi uso wa kibodi ukawa na mabonde na vilima. Baya zaidi, vile vinundu vidogo vya F na J, ambavyo vidole huvipapasa kujua vilipo, vilihama pamoja na herufi zake, kimoja kikaenda safu ya juu na kingine ya chini. Nilivirudisha vyote mahali pake na kujifunza bila kutazama. Sasa kitufe kilichoandikwa D hutoa A, na mpwa wangu alipotaka kuchapa barua ya maombi ya kazi aliniuliza, "Mjomba, hii kompyuta yako imerogwa?"

Jihadhari pia na nywila. Ukurasa wa kuingilia huweza kuwa bado uko katika QWERTY, na kwa kuwa unaona nukta tupu, hujui unachokosea. Akaunti yangu ya mteja mmoja ilifungwa kwa namna hiyo siku ya kukabidhi kazi. Na ukienda kuchapa katika saiba ya watu, tarajia kubabaika kwa dakika tano za mwanzo.

Bado yapo maneno yanayonikwaza. "Vyombo" huanza na V na Y, zote za kidole kimoja sasa. Na kwa kuwa J iko chini ya kidole cha kati cha kushoto, palepale nilipoihamishia A, neno moja dogo hunilazimu kukitumia kidole hicho mara tano bila kupumua, nalo nalichapa karibu kila Ijumaa ninapojibu kuhusu malipo: mteja hajaja.