Kunyoa shilingi 150, makocha bila malipo: tathmini ya kinyozi mmoja wa Nakuru

Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikinyolewa katika kibanda kimoja cha kinyozi mtaani Section 58, hapa Nakuru, na nimeona ni haki nieleze huduma yake kwa anayetafuta mahali pa kunyolewa bila kwenda hadi katikati ya mji. Bei ni shilingi 150 kwa mtu mzima, nywele na ndevu pamoja. Viti ni viwili, mashine hupanguswa kwa spiriti mbele ya macho yako kabla ya kugusa kichwa, na taulo la moto huletwa bila kuombwa. Kuhusu usafi sina lalamiko.

Jambo ambalo mteja mgeni hana budi kulijua mapema ni kwamba vinyozi wote wawili ni mashabiki wa Manchester United, na kwamba tangu Alex Ferguson alipostaafu mwaka 2013, akiwa ametwaa ligi mara 13, hawajaafikiana ni nani kati ya waliomrithi aliyestahili kuachwa aendelee na kazi. Mzee wa kiti cha dirishani humtetea Louis van Gaal. Kijana wa kiti cha ndani humtetea Ole Gunnar Solskjær. Ukishafungwa shuka shingoni, mjadala hupita juu ya kichwa chako, na kasi ya mashine hufuata jina linalotajwa.

Mwenye haraka namshauri amtaje David Moyes. Hakuna anayemtetea: alipewa mkataba wa miaka sita, akafutwa kazi hata mwaka mmoja haujatimia, na timu ikamaliza ya saba. Dakika kumi na tano umeshamaliza. José Mourinho huchukua muda zaidi kidogo, kwa kuwa wote wawili hulazimika kukiri, shingo upande, kwamba mwaka 2017 alileta Kombe la Ligi na lile la Ligi ya Europa, na kwamba msimu uliofuata alimaliza wa pili kwa pointi 81, kabla ya kumrudia kwa ugomvi wake na wachezaji.

Anapotajwa Solskjær, mashine huzimwa kabisa. Siku moja nilikaa na upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na wa pili haujaguswa, huku kijana akitumia kitana kuhesabu mikwaju yote 22 ya penalti ya fainali ya Ligi ya Europa ya mwaka 2021 dhidi ya Villarreal mjini Gdańsk, hadi ule wa kipa David de Gea uliookolewa, kisha akauliza kwa uchungu wa kweli kocha angelaumiwaje kwa mkwaju wa kipa. Mzee hakubishana. Alisema tu, "Tano bila," akimaanisha kichapo cha Liverpool pale Old Trafford mwezi Oktoba mwaka huohuo, naye kijana akawasha mashine. Tangu siku hiyo mstari wangu wa paji la uso uko juu kidogo upande wa kushoto.

Hoja ya mzee ni nzito kuliko nilivyodhani mwanzoni. Van Gaal alitwaa Kombe la FA mwaka 2016 kwa kuifunga Crystal Palace, akafukuzwa siku mbili baadaye. Naye ndiye aliyemwingiza Marcus Rashford kikosini akiwa bado kijana mdogo. Mzee hueleza kwamba nywele zilizoharibiwa na kinyozi mwingine hazitengenezwi kwa siku moja, bali sharti uziache ziote kwanza, na kwamba pale Manchester hakuna aliyewahi kuachiwa muda huo, kwani kila kocha alikabidhiwa wachezaji walionunuliwa kwa ajili ya mfumo wa mtangulizi wake. Hilo nakubaliana nalo, ingawa zile pasi za kando na za nyuma za Van Gaal zilikuwa zikinilaza usingizi.

Erik ten Hag hawagawanyi sana: makombe mawili katika misimu miwili, ndiyo, lakini pia mabao saba bila jibu kule Anfield na nafasi ya nane katika ligi. Ruben Amorim, aliyemaliza wa 15 msimu wa 2024/25 na kupoteza fainali ya Ligi ya Europa kwa Tottenham mjini Bilbao, huzungumziwa kwa sauti ya chini, kama marehemu aliyeacha madeni.

Mimi ni shabiki wa AFC Leopards, klabu ambayo mara ya mwisho kutwaa ligi ilikuwa mwaka 1998, kwa hiyo huombwa kuamua kama mtu aliyezoea matanga. Kura yangu ni ya Mourinho, na kwa sababu ya kura hiyo sijawahi kupunguziwa hata shilingi kumi.

Malipo ni kwa pesa taslimu au M-Pesa. Jumamosi jioni foleni ni ndefu na hakuna anayenyolewa mpira ukichezwa. Ukifika Jumatatu asubuhi baada ya timu kufungwa, chagua kiti cha dirishani: mzee akikasirika hunyamaza, na akinyamaza hunyoa vizuri sana.