Madirisha Mapya Malindi: Karakana ya Alumini Niliyoitumia

Sebule yetu hapa Malindi inatazama magharibi, na madirisha yake ya zamani yalikuwa ya kusukuma kando, yenye fremu nyembamba za alumini na kioo cheupe cha milimita 4. Wakati wa kaskazi, kuanzia saa tisa alasiri, kiyoyozi kilikuwa kikinguruma na joto lisipungue, huku tokeni za umeme zikiyeyuka. Karakana niliyoitumia sitaitaja jina, kwani nina la kulalamikia pamoja na la kusifu.

Jambo la kwanza walilonipendekezea lilikuwa kioo cha tabaka mbili chenye gesi ya agoni katikati, ya kupunguza joto linalopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni kitu kizuri, lakini faida yake kubwa hupatikana katika nchi za baridi, ambako ndani na nje hutofautiana kwa nyuzi 20 au zaidi. Kwetu, ikiwa nje ni nyuzi 32 na kiyoyozi kimewekwa 26, tofauti ni 6 tu, wakati jua la saa kumi linalopiga kioo moja kwa moja huingiza mamia ya wati katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo kipimo nilichokiulizia ni kile kinachoonyesha kiasi cha joto la jua kinachopita. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80, ilhali chenye utando mwembamba wa kuzuia jua kinaweza kushuka chini ya asilimia 40. Mnunuzi atahadhari hapa, maana vipo vioo vya utando vilivyotengenezwa makusudi kwa nchi za baridi ili viruhusu jua kuingia, na kwa macho matupu ni vigumu kuvitofautisha. Nilidai karatasi ya kiwanda, nao, kwa haki yao, waliileta bila kinyongo.

Aina ya ufunguaji nayo ina uzito. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, na upepo wa kusi, ambao ni wa bure, hupotea nusu. Nilichagua ya bawaba, yanayofunguka yote, na kwa nje nikamwomba seremala aweke vibao vya mbao vilivyolala mshazari, kwa sababu jua likizuiwa kabla ya kufika kwenye kioo halipati nafasi ya kuingia ndani. Mjomba wangu wa Lamu alicheka aliposikia nimelipia vibao hivyo, maana kwao ni jambo la tangu zamani.

Vipimo vya karakana vilikuwa sahihi, na mpira wa kuziba pembezoni haukuacha hata mwanya. Sasa kiyoyozi cha sebuleni huwashwa usiku tu, tena si kila usiku.

Kasoro ilijitokeza kwenye skrubu. Tulikubaliana chuma cha pua, kisichoshika kutu kwa urahisi, wakatia chuma cha kawaida, na chumvi ya bahari haikungoja. Kabla ya miezi minane kutu ilikuwa ikichuruzika kwenye fremu, na alumini iliyogusana nazo imeanza kutoa unga mweupe. Nilikwenda mara tatu ndipo wakabadilisha, na bado mbili za dirisha la jikoni hazijaguswa. Kwa vipimo na vioo ningewarudia, ila skrubu nitazinunua mwenyewe na nitasimama hapo fundi akizifunga.