Seti ya kukarabatia kabureta za Honda CB750: raba ni nzuri, shaba ipimwe kwanza

Honda CB750 ilipoingia sokoni mwaka 1969 ilikuwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 736, na kila silinda ilipewa kabureta yake (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Keihin, yenye koo la kupitisha hewa la milimita 28. Pikipiki ya aina hii ikihifadhiwa miaka mingi bila kuwashwa, kabureta hizo nne ndizo zinazodai kazi kubwa kabla injini haijakubali kuwaka, na wengi wanaoifufua huagiza seti nne za kukarabatia hata kabla ya kulifungua bakuli moja, yaani kikombe cha chini ya kabureta kinachotunza petroli. Seti ninazozizungumzia hapa hazikutengenezwa na Honda wala na Keihin. Huuzwa kabureta moja pakiti moja, na ndani yake mna jeti kuu na jeti ndogo (vipande vya shaba vyenye tundu linalopima mafuta), sindano, vali ya floti (boya linalofunga mafuta bakuli likijaa) pamoja na kiti chake, skrubu ya hewa, gasketi ya bakuli na oringi kadhaa, yaani pete za raba. Baada ya kuzipima, kufunga vipande vilivyofaa na kuiendesha pikipiki, nasema bila kusita kwamba raba zake zinastahili kununuliwa, lakini vipande vyake vya shaba havifai kuingia kwenye kabureta kabla ya kupimwa, na vingi vikipimwa vitarudi kwenye pakiti.

Ili thamani ya seti ieleweke, ni lazima kwanza tujue petroli inayolala ndani ya bakuli hufanya nini. Sehemu yake nyepesi hupaa na kuacha utomvu mzito ambao hukauka ukawa utando wa rangi ya kahawia au kijani, na iwapo petroli ilikuwa imechanganywa na ethanoli, unyevu unaovutwa nayo huacha chenga nyeupe za kutu ya chuma chepesi chini ya bakuli. Tundu la jeti ndogo, ambalo ndilo linaloilisha injini inaponguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, huziba mapema kuliko yote kwa sababu ndilo jembamba kuliko yote. Dalili yake ni moja na haipotezi mtu: injini huwaka choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini baridi) ikiwa imevutwa, kisha huzima mara choki inaporudishwa.

Sasa tuje kwenye raba. Gasketi za bakuli zilizokuwa kwenye kabureta nilizozifungua zilikuwa zimekakamaa kiasi kwamba zilivunjika kama biskuti zilipobanduliwa, na oringi zilikuwa zimebanwa hadi zikapoteza uduara wake. Gasketi za seti zilikaa kwenye mfereji wake bila kuvutwa wala kukunjwa, zikabaki hapo hata bakuli lilipogeuzwa juu chini, na waya wa kubania bakuli ulirudi mahali pake kwa mkazo unaofaa. Mabakuli yalipojazwa mafuta hayakuonyesha unyevu hata kwenye kona. Oringi nazo zilikuwa na unene sawa katika pakiti zote nne, jambo ambalo si la kawaida kwa bidhaa za kiwango hiki. Jambo la kuzingatia ni kwamba dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta huvimbisha raba, kwa hiyo kila kipande cha raba kitolewe kabla ya usafishaji, na mpya isifungwe hadi mwili wa kabureta ukauke kabisa.

Kwa upande wa shaba hali ni tofauti, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Namba inayochongwa kwenye jeti ndogo ya Keihin hueleza kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani jeti namba 40 ina tundu la milimita 0.40. Nilichukua pini za kupimia tundu nikazipitisha kwenye jeti za zamani zilizokwisha kusafishwa: pini ya 0.40 iliingia kwa kubana katika zote nne. Kwenye jeti za seti, zilizochongwa namba hiyo hiyo, pini ya 0.40 ilicheza ndani ya mbili kati ya hizo, na pini ya 0.42 ikapita. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo mafuta hupata njia iliyo pana zaidi kwa takriban asilimia 10. Baya zaidi ni kwamba silinda mbili zingekula zaidi ya wenzake, na hakuna marekebisho ya skrubu ya hewa ambayo yangezifanya nne zote zingurume kwa sauti moja. Ukiitazama jeti ya seti kwenye mwanga kwa kioo cha kukuzia, unaiona pia kingo ya tundu ikiwa na vinyweleo vya shaba vilivyoachwa na keekee, ilhali ya zamani ina kingo laini iliyopanuliwa kidogo mdomoni. Uso huo ni sehemu ya kipimo chenyewe, kwa maana unaamua jinsi mafuta yanavyoingia kwenye tundu.

Kwa sababu hiyo naona ni kosa kuzitupa jeti za zamani eti kwa kuwa zimeziba. Jeti iliyoziba haijaharibika. Iloweke, ipitishe kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti ikiwa ipo, halafu sukuma uzi mwembamba wa nailoni tunduni na upulize hewa ya kompresa hadi uone duara safi la mwanga. Waya wa chuma usitumike, kwa sababu chuma ni kigumu kuliko shaba na kitalipanua tundu ambalo tumehangaika kulitunza.

Sindano na neli inamopita zinahitaji uamuzi wa aina nyingine, kwa kuwa hizo huchakaa kweli. Zikiwa zimesuguana kwa maelfu ya kilomita, sindano hupata mstari unaong'aa upande mmoja na neli hupoteza uduara wake, na pikipiki huanza kula mafuta mengi katika mwendo wa kati. Hapo ni lazima kubadilisha, lakini si kwa sindano ya seti: niliyoilinganisha ilikuwa na mchongoko, yaani sehemu inayokwenda ikiwa nyembamba, ulioanza juu zaidi kuliko ya asili, na mchongoko ndio unaopima mafuta mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa robo hadi robo tatu. Tafuta sindano ya Keihin yenyewe, hata kama itachukua muda kupatikana.

Vali ya floti ya seti niliitumia, na imefanya kazi vizuri. Ncha yake ya raba inaziba bila kudondosha. Ila ni lazima ifungwe pamoja na kiti chake, maana vali mpya juu ya kiti kilicholika haitaziba, na baada ya kuifunga urefu wa floti upimwe upya. Kwa kabureta hizi kipimo ni milimita 26, na hupimwa kabureta ikiwa imeinamishwa mpaka ulimi wa floti uguse tu pini ya vali bila kukandamiza springi yake. Vali mpya zilikuwa zimeinua floti kidogo katika kabureta zote, kwa hiyo asiyepima ataishia na kiwango cha mafuta kisicho sahihi, kisha atazilaumu jeti.

Seti haina oringi za vibomba vinavyopeleka mafuta kutoka kabureta moja hadi nyingine, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa hizo nazo huwa zimekakamaa na kuzifikia tena kunamaanisha kuzitenganisha kabureta upya. Haina pia karatasi ya maelekezo. Kwa anayeanza ingefaa aelezwe angalau kwamba skrubu za Kijapani zina mtaro wa msalaba wenye umbo lake, na kwamba bisibisi ya kawaida ya msalaba hupanda na kuula mtaro huo, hasa skrubu ikiwa haijaguswa kwa muda mrefu.

Injini sasa inanguruma kwa mizunguko 1,000 hivi kwa dakika bila kuyumba, baada ya kabureta kusawazishwa kwa geji za vakiyumu (vipimo vya mvuto wa hewa wa kila silinda), na plagi zote nne zina rangi ya kahawia hafifu, ishara ya mchanganyiko mzuri. Kilichomo ndani ya kabureta kutoka kwenye seti ni gasketi, oringi na vali za floti tu. Ningependa mtengenezaji auze pakiti ya raba na vali peke yake, aongeze oringi za vibomba vya mafuta, na aondoe jeti na sindano kabisa. Pakiti hiyo ningeinunua bila kuuliza mara mbili.