Safari za Visiwani kwa Meli: Ipi Inastahili Pesa Yako?

Matangazo ya safari za meli huanza na bei ya chumba na picha ya bwawa la kuogelea. Anayetaka visiwa aanzie kwingine: kwenye ratiba, safu ile inayoonyesha saa ya kufika na saa ya kuondoka katika kila bandari. Meli mbili zinaweza kutangaza siku 7 na visiwa 4, moja ikakupa saa 40 za kukanyaga ardhi na nyingine saa 18. Picha za bwawa hazitakuambia tofauti hiyo.

Hesabu yake ni hivi. Meli ikiandikiwa kufika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, hizo ni saa 9 za kwenye karatasi. Toa muda wa kusubiri mamlaka za bandari ziruhusu abiria washuke. Toa tena nusu saa hadi saa nzima ya mwisho, maana abiria hutakiwa wawe wamerudi kabla ngazi haijavutwa. Zinabaki 7 na ushei. Kama meli haifungi gatini bali inatia nanga nje na kushusha watu kwa mashua, toa nyingine moja au mbili, hasa meli ikiwa kubwa. Jumlisha bandari zote, kisha gawanya gharama yote kwa jumla hiyo. Ninaposema gharama yote nina maana ya nauli, kodi na ada za bandari, bakshishi ambayo kampuni nyingi humtoza kila abiria kwa kila siku, vinywaji, intaneti, na ndege ya kukufikisha bandari ya kuanzia. Unachopata ni bei ya saa moja ya kisiwa. Ndiyo niliyoitumia kupanga orodha hii, pamoja na jambo ambalo hesabu hailioni: utakachokikuta ukishashuka.

1. Boti ndogo za Dalmatia, Croatia

Hizi naziweka mbele bila kusita. Ni boti za abiria 30 au 40 hivi, zinazotembea kati ya Split na Dubrovnik kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba. Asubuhi boti inang'oa nanga, inakwenda saa chache, inasimama kwenye ghuba tulivu watu waogelee kutoka tezini, wanakula chakula cha mchana, na alasiri inaingia bandarini. Hapo inalala. Jambo hili la kulala bandarini ndilo linalobadilisha kila kitu. Kwenye meli kubwa, jua linapopoa na mji unapoanza kupendeza ndipo unapoitwa urudi ndani. Kwenye boti hizi ndipo unaposhuka. Chakula cha jioni mara nyingi hakimo kwenye bei, na mimi naona hiyo ni faida, kwa sababu inakulazimu ule mjini pamoja na wenyeji.

Hvar na Korčula zina miji ya kale ya mawe iliyojengwa pembeni kabisa mwa maji, hivyo unatoka kwenye boti na kuingia mjini kwa miguu. Mljet ina hifadhi ya taifa yenye maziwa mawili ya maji ya chumvi, na katikati ya ziwa kubwa kuna kisiwa kidogo chenye nyumba ya watawa. Vis ilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia na wageni hawakuruhusiwa kuingia hadi 1989. Ndiyo maana bado imebaki na utulivu ambao visiwa jirani vimeupoteza. Ukipewa ratiba mbili zinazolingana kwa mengine yote, chukua ile inayopita Vis.

Kasoro zipo. Boti hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu au nne pamoja, kwa hiyo dirisha lako laweza kutazamana na dirisha la boti nyingine, na ili ufike nchi kavu utapita juu ya sitaha za wengine. Lifti ni nadra na ngazi ni kali, hivyo mtu mwenye matatizo ya magoti asijaribu. Vyumba vya chini husikia injini. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: boti ilijengwa mwaka gani, chumba kiko sitaha ipi, na je, kiyoyozi huwaka usiku kucha. Swali la mwisho wengi hulisahau, na usiku wa Julai hautawasamehe.

2. Karibi ya kusini, kuanzia Bridgetown au San Juan

Ukianzia Barbados au Puerto Rico uko tayari katikati ya visiwa. Meli inasafiri usiku, na karibu kila asubuhi unaamkia nchi nyingine: Saint Lucia yenye vilele pacha vya Pitons, Dominica yenye maporomoko na ziwa linalochemka, Grenada yenye mashamba ya kungumanga na bustani ya sanamu zilizo chini ya bahari, Antigua, Saint Kitts. Hakuna njia rahisi zaidi ya kuona visiwa vinavyotofautiana hivyo kwa wiki moja. Bei ya saa moja ya kisiwa hapa huwa ndogo, kwa sababu siku za baharini tupu ni moja au hazipo kabisa.

Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Nauli za miezi hiyo hushuka sana. Ukitaka kufaidi punguzo hilo, tafuta ratiba inayoelemea Aruba, Bonaire na Curaçao, zilizo karibu na pwani ya Venezuela na chini ya njia wanayopita vimbunga vingi.

3. Galápagos

Kwa unachokiona, hakuna safari inayoifikia hii ya visiwa vya Ecuador katika Bahari ya Pasifiki. Bei pekee ndiyo iliyoishusha hadi hapa.

Meli haziruhusiwi kuzidi abiria 100, na nyingi hubeba 16 tu, kwa kuwa kila kundi la watu 16 lazima liwe na mwongoza wageni aliyeidhinishwa na hifadhi. Meli moja pia hairuhusiwi kurudi sehemu ileile ndani ya siku 14. Kwa mnunuzi, maana ya kanuni hiyo ya mwisho ni kwamba kila meli ina ratiba ya wiki mbili iliyokatwa vipande, na kipande unachonunua ndicho kinachoamua utaona nini. Upande wa magharibi, Isabela na Fernandina, ndiko kwenye pengwini, mijusi wa baharini kwa mamia na mnandi wa huko, ndege aliyepoteza uwezo wa kuruka. Genovesa, kaskazini, ni ya ndege. Española ina albatrosi kuanzia Aprili hadi Desemba. Nje ya miezi hiyo wako baharini. Usikubali kuuziwa "siku 5 Galápagos" bila kujua ni kipande kipi.

Unaruka kutoka Quito au Guayaquil. Tangu Agosti 2024 kiingilio cha hifadhi kwa mgeni mzima kutoka nje ni dola 200, na mara nyingi hakimo ndani ya bei ya meli. Januari hadi Mei bahari huwa na joto na imetulia zaidi. Juni hadi Novemba maji hupoa, ukungu huja, na viumbe wa baharini huongezeka. Anayelewa na bahari asinunue boti ndogo ya miezi hiyo ya baridi.

Wapo watakaokushauri ulale hotelini Santa Cruz na kuzunguka kwa boti za mchana. Ni nafuu kweli, na kwa visiwa vya karibu inatosha. Lakini Fernandina na Genovesa hufikiwa hasa na meli ambazo abiria hulala ndani.

4. Polynesia ya Kifaransa

Visiwa vimekaribiana, meli ni ndogo, na muda wa nchi kavu ni mrefu. Mara nyingi meli hulala Bora Bora au Moorea. Meli ya Paul Gauguin, iliyojengwa 1997 kwa ajili ya maji ya kina kifupi, hubeba abiria 330 hivi na huanzia Papeete. Nisingekosa Raiatea, penye Taputapuātea, uwanja wa ibada wa kale ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2017. Ingekuwa namba mbili kama si safari ndefu ya ndege na bei ya kila kitu ukishafika. Nenda kati ya Mei na Oktoba, miezi ya ukavu.

5. Hawaii

Kuna meli moja kubwa tu inayozunguka Hawaii mwaka mzima, Pride of America, na sababu ni sheria. Tangu 1886 Marekani imezuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari zake bila kugusa nchi nyingine. Meli nyingine, kwa hiyo, huanzia pwani ya magharibi ya Marekani, hupita Ensenada nchini Mexico, na hutumia siku nne au tano za bahari tupu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukiziona zikiuzwa kwa bei ya kuvutia, rudia hesabu ya saa za kisiwa na utaona mvuto unavyoyeyuka.

Pride of America huanza na kumalizia Honolulu, siku 7, ikilala Maui na Kauai. Si meli ya kifahari, na nauli yake ni kubwa kwa kiwango chake kwa kuwa inaendeshwa kwa sheria za kazi za Marekani. Panga kukodi gari bandarini: vivutio viko mbali na gati.

6. Ugiriki kwa meli kubwa

Inaniuma kuiweka chini, kwa sababu visiwa vyenyewe ni vya ajabu. Tatizo ni namna vinavyouzwa. Safari fupi za siku 3 au 4 kutoka Athens hubana bandari mbili ndani ya siku moja, hata ikawa una saa tatu Patmos, kisiwa ambacho nyumba yake ya watawa na pango lake vinahitaji angalau nusu siku.

Santorini ndiyo kipimo. Meli hutia nanga chini ya jabali, mashua hukufikisha bandari ya zamani, na kutoka hapo unapanda kwa vigari vya waya au kwa ngazi zinazokaribia 600. Siku ya meli nyingi, foleni ya kushuka pekee inaweza kumeza saa nzima na zaidi. Kumewekwa kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na tangu Julai 2025 kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos kati ya Juni na Septemba hutozwa yuro 20. Julai na Agosti huvuma pia meltemi, upepo mkali wa kaskazini unaofanya manahodha waruke bandari. Ukinunua ya Mei au Oktoba, yenye Rhodes, ambako meli hufunga jirani kabisa na kuta za mji wa kale, safari hii inapanda hadi namba tatu.

Jambo la karatasi: nyingi ya ratiba hizi hugusa Kuşadası, Uturuki. Ukishafika huko umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitakurudisha Ugiriki.

7. Karibi kutoka Florida kwa meli kubwa kupita kiasi

Nauli ni ndogo kuliko zote, na kwa familia inayotaka kupumzika ndani ya meli ni ununuzi mzuri. Lakini tunazungumzia visiwa. Icon of the Seas, iliyoanza kazi 2024, inaweza kubeba abiria 7,600. Meli ya ukubwa huo haiingii bandari ndogo, na mara nyingi kimojawapo cha "visiwa" kwenye ratiba ni ufukwe binafsi wa kampuni ya meli, ambako hakuna mji, soko, wala mtu anayeishi maisha yake. Hesabu bandari za kweli zilizobaki. Mara nyingi ni mbili au tatu.

Kabla ya kulipa

Chumba: ukichagua safari yenye bandari kila siku, baraza la kutazama bahari ni pesa inayokaa bure. Nunua chumba cha ndani au cha dirisha, katikati ya meli na sitaha za chini ambako mtikisiko ni mdogo, kisha ongeza siku kwa pesa iliyobaki. Galápagos na Polynesia ni tofauti, maana huko njia yenyewe ina cha kutazama. Anayesafiri peke yake aulize nyongeza ya mtu mmoja. Inaweza kufikia nauli nzima ya pili, na boti ndogo ndizo zinazopunguza mara kwa mara.

Fika bandari ya kuanzia siku moja kabla, kwa sababu meli haisubiri ndege iliyochelewa. Matembezi ya kampuni ni ghali, ila yakichelewa meli huyangoja. Ukijipangia mwenyewe, saa ya kurudi ni juu yako. Bima iwe na kipengele cha kukuhamisha kwa matibabu, kwani daktari wa melini unamlipa mwenyewe na kisiwa kidogo hakina hospitali kubwa.

Mwisho, soma masharti ya tiketi. Karibu kampuni zote hujiwekea haki ya kuruka bandari yoyote kwa sababu ya hali ya hewa, na unachorudishiwa kwa kawaida ni ada ya bandari hiyo tu. Bandari za mashua ndizo zinazorukwa zaidi, kwa hiyo mwulize wakala ni zipi kwenye ratiba yako zina gati. Kama kati ya nne ni moja tu yenye gati, omba ratiba nyingine.