Moduli ya queue ya Python kwenye programu ya mizani: naikubali, ila muweke maxsize

Wadau wa Mbeya na Iringa mnaoandika programu za mizani, leo naiongelea queue (foleni), ile moduli, yaani kifurushi cha kazi zilizoandikwa tayari, inayokuja na lugha ya Python yenyewe, hulipii wala hupakui kitu cha ziada. Naitumia kwenye programu ya kupimia mpunga, mashine moja ya kukoboa huku Igurusi, na kwakweli naipa maua yake.

Kazi iko hivi, thredi moja (yaani sehemu ya programu inayofanya kazi sambamba na nyingine) inasikiliza waya wa mizani maana mizani inamwaga uzito muda wote iwe upo tayari au haupo, ya pili inaandika kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya kwenye faili) na kutoa risiti. Programu iliyokuwepo mwanzo ilikuwa na variabo moja ya pamoja, kila thredi inachungulia kwa muda wake, sasa printa ikisuasua kidogo tu uzito mpya unaufuta wa kwanza, mkulima anapewa risiti yenye kilo za gunia la mwenzake. Hapo ni ugomvi aisee, mpunga ndo ada ya watoto.

Kwa queue thredi ya mizani inafanya put (kuingiza) basi, ya kuandika inafanya get (kutoa), kama hakuna kitu inalala mpaka kije, haizunguki bure kula prosesa. Kilichotangulia kuingia ndo kinatangulia kutoka, na kufuli zote zimo humohumo ndani huzigusi. Tena SQLite ya Python kwa kawaida inakataa thredi moja kutumia koneksheni iliyofunguliwa na nyingine, ukiwa na mwandishi mmoja tu hilo halikuhusu.

Ila maxsize, yaani kikomo cha vitu kwenye foleni, wekeni jamani! Ukiiacha inakuwa 0, yaani haina kikomo, karatasi ya printa ikiisha foleni inajaa kimyakimya na hakuna anayejua. Weka hata 100 halafu put uipe timeout (muda wa kusubiri), ikijaa inakurushia Full (kosa la foleni kujaa), unawasha onyo kwenye skrini vijana wasimamishe magunia kwanza. Kingine put haitoi kopi, ukiingiza dict (kifurushi cha data cha Python) halafu ukaibadilisha, upande wa pili nao unaona mabadiliko, kwahiyo kila kipimo tengeneza mpya.

Kinachoniudhi ni kufunga. Thredi iliyolala kwenye get haijui kama umefunga dirisha, inabidi uitupie None (thamani tupu ya Python) kama ishara ya kuondoka. Shutdown, amri ya kuifunga foleni yenyewe, imekuja kwenye Python 3.13, 2024 hiyo, na kompyuta nyingi ninazozikuta mashineni bado ni Windows 7, ambayo mwisho wake ni Python 3.8, kwahiyo None tutaendelea nayo sana tu.

Halafu foleni inakaa kwenye memori peke yake, umeme ukikata kilichokuwa hakijaandikwa kimeenda. Mimi thredi ya pili inaandika SQLite kwanza, printa baadaye, na kompyuta ya mizani lazima iwe na UPS.