Cheni ya taimingi kwenye pikipiki ya Boxer ya zamani: kuikagua au kuibadilisha?

Cheni hii iko ndani ya injini, na ndiyo inayofanya valvu zifunguke kwa wakati. Injini ikianza kuchakacha ikinguruma taratibu bila kupewa mafuta, steji ya bodaboda hugawanyika: hawa wanasema angalia tenshena (kifaa kinachoikaza cheni) uendelee na kazi, wale wanasema fungua uweke cheni mpya.

Kwa gharama, ukaguzi unashinda wazi. Unalipa ufundi na gasketi, na siku hiyohiyo umerudi barabarani. Fundi anatoa tenshena na kutazama imechomoza kiasi gani. Ikibaki na nafasi ya kusukuma, cheni bado ina maisha. Ikiwa imefika mwisho, hakuna cha kukaza tena: pini zimelika, cheni imerefuka na valvu zinafunguka kwa kuchelewa. Ndiyo maana pikipiki huchoka mlimani. Cheni ikiruka meno, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na bili hiyo inaumiza familia nzima.

Kwa uhakika, mpya inashinda, mradi ibadilishwe pamoja na raba zinazoiongoza, na sproketi (magurudumu ya meno) zilizochongoka zisirudishwe. Hapa mimi sina mzaha: alama za magneto (gurudumu la sumaku la injini) na kemshafti (mhimili unaofungua valvu) zilingane, kisha injini izungushwe kwa mkono mizunguko 2 kamili kabla ya kuwashwa. Fundi akikataa, tafuta mwingine.

Matunzo ni yaleyale: oili safi, kwa wakati.

Ukiendesha Kampala, karibu na vipuri vya soko la Kisekka, kagua mara kwa mara. Ukipanda milima ya Kabale na abiria, mbali na maduka, ningebadilisha mapema.