Taa za ziada za rivasi kwenye Hilux yangu
Kwa kuwa balbu za rivasi zilizokuja na gari hazikunionyesha vizuri mtaro ulio karibu na geti langu usiku, nilifungiwa taa mbili za LED za wati 18 kila moja chini ya bampa, katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam. Fundi alitumia waya wa rivasi kuamsha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) tu, na umeme wenyewe akauvuta kwenye betri kupitia fyuzi, hatua ambayo wenye haraka huiruka. Sasa ukingo wa mtaro unaonekana wazi. Hata hivyo, kiungio cha waya kilizungushiwa tepu nyeusi pekee. Mvua iliponyesha, taa ya kushoto ilizimika. Alirekebisha bure, lakini baada ya kunisubirisha nusu siku.